Tangazo si uzio: Nyumba za wageni na watoto wadogo Pwani ya Kusini

Siku za bamvua, maji yakijaa Majoreni, bahari hupenya kati ya mikoko na kufunika mahali ambapo saa sita kabla watu walikuwa wakipita kwa miguu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii inaweza kukaribia mita 4. Mtoto aliyezaliwa kijijini humu huzijua nyakati hizo kabla hajajua kusoma saa ya ukutani. Mtoto wa miaka mitatu aliyewasili jana jioni kutoka Nakuru hazijui, na wazazi wake, waliokuja kwa siku nne za Pasaka, huenda nao hawazijui. Nyumba waliyokodi ina baraza pana linalotazama maji, ngazi za mawe ya matumbawe zisizo na mkono wa kushikia, na bwawa la kuogelea ambalo ukingo wake uko sawa na sakafu ya baraza, hatua chache kutoka mlango wa sebule.

Nyumba ya namna hii haihitaji kutajwa kwa jina, kwa kuwa ramani yake imejirudia kuanzia Tiwi na Diani hadi Galu na Kinondo, na sasa inateremka kusini kuelekea Shimoni na Vanga. Katika tangazo lake mtandaoni, chini ya picha za machweo na vitanda vyenye neti nyeupe, mara nyingi huwa na maneno matatu: haifai kwa watoto. Majukwaa ya kukodisha yenyewe huweka nafasi ya maneno hayo. Airbnb, kwa mfano, humruhusu mwenye nyumba kueleza kwamba mahali pake hapafai watoto wachanga walio chini ya miaka 2, au watoto wa miaka 2 hadi 12, na humtaka ataje sababu.

Makala haya yanatetea jambo moja. Maneno hayo matatu yana thamani pale tu yanapofungua maelezo: hatari ni ipi, iko wapi, na mwenye nyumba ameifanyia nini. Yakiachwa peke yake yanageuka ngao ya mwenye mali, na mtoto anabaki na bwawa lilelile lililo wazi.

Utalii unavyoteremka kusini

Kwa miongo mingi utalii wa Kwale ulikuwa na maana ya hoteli za Diani: majengo makubwa yenye ukuta, lango, askari, na mtu wa kukaa kando ya bwawa akiwatazama waogeleaji. Nyumba za kukodi kwa siku zimeubadilisha mpangilio huo. Familia inachukua nyumba nzima, inapika yenyewe au kwa mpishi wa hapohapo, na wenyeji wao wa karibu ni mtunza nyumba wa mchana na mlinzi wa usiku. Barabara ya Dongo Kundu nayo imewapa wasafiri njia ya kufika Pwani ya Kusini bila kusubiri feri ya Likoni. Migodi ya Base Titanium ilipofunga kazi Desemba 2024, kaunti ilipoteza mwajiri mkubwa, na macho yaligeukia bahari zaidi: uvuvi, mwani wa Kibuyuni, hewa ya ukaa ya mikoko ya Gazi na Vanga, na wageni.

Majoreni iko kati ya Shimoni na Vanga, mbali kidogo na mkondo huo. Haina mchanga mweupe wa Diani. Ina mikoko, matope, ngalawa na utulivu. Utulivu huo ndio unaouzwa sasa. Mtu aliyechoshwa na kelele za Ukunda hutafuta mahali pa namna hii, na mwenye kipande cha ardhi kando ya maji anajua hivyo. Nyumba nyingi za wageni upande huu bado hazijajengwa, na hilo linafanya mjadala huu uwe na faida kuufanya mapema.

Sheria ya Utalii ya 2011 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, yenye kazi ya kusajili na kukagua malazi ya wageni. Nyumba za kukodi kwa muda mfupi ziliishi pembezoni mwa usimamizi huo hadi Januari 2024, wanawake wawili walipouawa katika nyumba za aina hiyo jijini Nairobi, na mamlaka ikawaamuru wenye nyumba wajisajili. Hasira ya umma ilikuwa ya haki. Lakini mazungumzo yaliyofuata yalijikita kwenye vitambulisho, kamera na walinzi, yaani hatari anayoleta mtu mzima kwa mtu mzima mwenzake. Hatari ambayo nyumba yenyewe inaleta kwa mtoto mdogo haikupata nafasi kubwa.

Maji hayapigi kelele

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo yenye uzito kuliko mengine yote. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa watoto wa mwaka 1 hadi 4, kufa maji ni sababu ya nne ya vifo duniani. Kanda ya Afrika ndiyo yenye kiwango cha juu zaidi, na wakati dunia kwa jumla imepunguza kiwango chake kwa asilimia 38 tangu 2000, Afrika imepunguza kwa asilimia 3 tu.

Takwimu hizi hazisemi jinsi kifo chenyewe kinavyokuja, na hapo ndipo wengi hukosea. Watu wazima hudhani mtoto anayezama atapiga kelele, atarusha mikono, mtu atasikia na kukimbia. Mtoto mdogo huzama kimyakimya. Mdomo ukiwa chini ya maji hakuna pumzi ya kupigia ukelele, na yote huisha kabla chai haijapoa kikombeni. Maji yenyewe si lazima yawe mengi. Sentimita chache zinatosha kwa mtoto anayejifunza kutembea, kwa kuwa kichwa chake ni kizito kuliko nguvu za mikono yake na akitumbukia kifudifudi hawezi kujiinua.

> Sentimita chache za maji zinatosha kwa mtoto anayejifunza kutembea.

Kwa hiyo bwawa halipaswi kuwa swali la pekee. Katika nyumba nyingi za Kwale maji ya mfereji hayatabiriki, na bafuni utakuta pipa na ndoo zilizojazwa tayari, hata kama kuna bomba la mvua linalong'aa. Nyuma ya nyumba kuna kisima, au tangi la chini ya ardhi lenye mfuniko wa bati, au shimo la maji taka lililofunikwa kwa bamba la saruji lenye ufa. Fomu ya mtandaoni iliyotungwa Marekani haiulizi kuhusu pipa. Mwenye nyumba wa Majoreni anapaswa kujiuliza mwenyewe.

Kisha kuna hatari zisizo za maji. Mafuta ya taa yakihifadhiwa katika chupa ya soda ni sumu ambayo mtoto ataifikia kwa kiu tu. Klorini na asidi ya kusafishia bwawa hukaa stoo isiyo na kufuli. Roshani ya ghorofani ina nguzo zilizoachana kiasi cha mwili mdogo kupita, au ina vipande vya kulala vinavyokanyagika kama ngazi. Minazi iliyojaa nazi zilizokauka inaning'inia juu ya nyasi za kuchezea. Kima na tumbili, wazuri pichani, wamezoea kunyakua ndizi mkononi mwa mtoto na wanaweza kuuma. Kuelekea Shimoni na Wasini, ufuo wenyewe ni mwamba wa matumbawe uliokatika ghafla, na chini yake umeliwa na mawimbi.

Malaria nayo haionekani pichani. Ukanda wa pwani ni miongoni mwa maeneo ya Kenya ambako ugonjwa huo haukatiki, na mtoto wa chini ya miaka 5 kutoka nyanda za juu huja bila kinga ambayo miili ya wenyeji imeijenga kwa kuugua. Neti yenye tundu juu ya kitanda kikubwa, na kitanda cha mtoto kisicho na neti kabisa, ni kosa ambalo linagharimu shilingi chache kulirekebisha. Mtoto akizidiwa usiku, hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, na kutoka Majoreni si mwendo wa kutembea.

Sababu tatu chini ya maneno yaleyale

Ukizitazama hatari hizo kwa makini utaona kwamba "haifai kwa watoto" hufunika mambo matatu yasiyofanana. Kuna hatari za mahali: bamvua, mwamba, mikoko yenye mizizi ya kuchoma. Hizi mwenye nyumba hakuziumba wala hawezi kuziondoa, na heshima anayoweza kumpa mgeni ni kumwambia ukweli wote mapema. Kuna hatari za ujenzi na utunzaji: bwawa lisilo na uzio, kisima kisicho na mfuniko, ngazi zisizo na mkono. Hizi ni zake. Na kuna sababu ya tatu, ambayo si hatari hata kidogo: hataki makochi meupe yachafuke, au anawalenga maharusi walio fungate, au jirani amelalamika kuhusu vilio.

Kutaka nyumba tulivu si dhambi. Kosa ni kuivika sababu ya tatu vazi la ya kwanza. Mama anayeambiwa nyumba ni hatari, kumbe haitakiwi tu sauti ya mwanawe, amedanganywa. Na akishadanganywa mara mbili, tangazo la tatu lenye hatari ya kweli atalidharau. Katiba ya 2010, ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa misingi ikiwemo umri, na katazo hilo linawahusu watu binafsi pia, si serikali peke yake. Mwenye nyumba anayefunga mlango kwa sababu ya kochi anapaswa kuitafakari ibara hiyo. Anayesema "kuna mwamba wa kuanguka hatua 20 kutoka jikoni, na sina njia ya kuuzungushia" yuko mahali tofauti kabisa.

Mtoto asiyesoma tangazo

Lakini udhaifu mkubwa wa maneno hayo unaonekana ukisimama kijijini, mbali na simu ya mgeni. Tangazo linamhusu mtoto wa mpangaji. Halimhusu mtoto wa mtunza nyumba anayemfuata baba yake kazini wakati wa likizo, wala mjukuu wa mama anayeleta samaki na madafu mlangoni, wala kundi la watoto wanaokatiza kiwanja kwenda ufuoni kwa njia waliyoitumia babu zao kabla ukuta haujajengwa. Katika vijiji vya Wadigo na Wavumba mtoto ni wa mtaa mzima, na miguu yake haijui mpaka wa hati ya ardhi. Nyumba iliyotangazwa kuwa haifai kwa watoto hukaa tupu wiki nyingi za msimu wa mvua, bwawa likiwa limejaa maji ya kijani na lango likiwa na komeo la kamba. Nani anamtangazia mtoto wa jirani?

> Nyumba hukaa tupu wiki nyingi, bwawa likiwa limejaa maji ya kijani. Nani anamtangazia mtoto wa jirani?

Kuna giza jingine ambalo Pwani ya Kusini haiwezi kujifanya hailijui. Mwaka 2006 serikali ya Kenya na UNICEF walichapisha utafiti juu ya unyonyaji wa kingono wa watoto katika miji ya utalii ya pwani, Diani ikiwemo, na mwaka huohuo Sheria ya Makosa ya Kingono iliufanya utalii wa ngono unaohusisha watoto kuwa kosa la jinai linalojitegemea. Nyumba ya "watu wazima tu" isiyo na mapokezi, ambako ufunguo hutolewa kwa namba za siri, ni nyumba ambayo hakuna mtu anayeuliza ni nani aliyeingia saa nne usiku. Mwenye nyumba aliyekwisha kusema hahusiki na watoto anaweza kujisahaulisha kwamba wapo watoto wa kijiji anaowajibika kwao kwa njia hii pia. Mtunza nyumba afundishwe kuuliza, na apewe namba ya 116 ya kusaidia watoto, inayopigwa bila malipo.

Hoja za wenye nyumba

Wenye nyumba wana majibu, na baadhi yake yana uzito. La kwanza ni kwamba ulinzi wa mtoto ni kazi ya mzazi. Ni kweli, na hakuna uzio unaoweza kuchukua nafasi ya jicho la mzazi. Lakini fikiria saa ya hatari yenyewe. Familia imefika baada ya safari ndefu. Mabegi yako mlangoni, mmoja anatafuta chaja, mwingine anamuuliza mpishi kuhusu chakula cha jioni, mlango wa baraza umeachwa wazi upepo uingie. Kila mtu mzima anaamini mwenzake anamtazama mtoto. Uzio umetengenezwa kwa ajili ya dakika hiyo.

Sheria nayo imeliona jambo hili. Sheria ya Kenya kuhusu dhima ya mwenye kumiliki mahali, Sura ya 34, inamtaka awe na uangalifu unaofaa kwa kila anayeingia kwa ruhusa yake, na inatamka kwamba lazima ategemee watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Inaendelea kusema kwamba onyo peke yake halimwondolei dhima, isipokuwa pale ambapo, kwa hali ilivyokuwa, lilitosha kumweka mgeni salama. Pima maneno matatu ya tangazo kwa kipimo hicho. Onyo lisilotaja bwawa, lililosomwa wiki tano zilizopita na mtu mmoja kati ya wageni wanane, litamweka nani salama?

Hoja ya pili ni gharama, na hii nailinganisha na hali ya Majoreni, si ya majumba ya Diani. Mtu aliyejenga vyumba viwili vya makuti kwa akiba ya uvuvi au kwa mkopo wa chama hawezi kuagiza uzio wa vioo. Hahitaji. Mvinje hupandwa kote Kwale kwa ajili ya nguzo, na mafundi wa kuufanyia kazi wapo kila kijiji. Kinachotakiwa ni kipimo: kimo kisichopungua mita 1.2, nguzo za kusimama zisizoachana zaidi ya sentimita 10, na pasiwe na vipande vya kulala upande wa nje ambavyo mtoto atavikanyaga. Mfuniko wa kisima wenye kufuli, pipa lenye kifuniko, ndoo zilizomwagwa na kufudikizwa, stoo iliyofungwa: hakuna hata kimoja kinachofikia bei ya seti moja ya makochi ya baraza. Aliyeweza kuchimba bwawa aliweza pia kulizungushia.

Hoja ya tatu ni kwamba uzio unaharibu mandhari, na mandhari ndiyo bidhaa. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi zenye mabwawa mengi ya nyumbani unaonyesha kwamba uzio wa pande nne, unaolitenga bwawa hata na nyumba yenyewe, huokoa zaidi kuliko wa pande tatu unaoutumia ukuta wa nyumba kama upande wa nne. Yaani upande unaozuia picha nzuri ndio unaookoa. Sina njia ya kulilainisha hilo. Anayetaka bwawa lionekane kutoka kitandani bila kizuizi, na akubali kwamba amejenga nyumba ya watu wazima, aitangaze hivyo kwa sababu hiyo, na bado aweke lango la nje lisilopitwa na watoto wa jirani.

Mahali pa kuanzia

Ufaransa ilikutana na tatizo hili kabla yetu. Sheria yake ya Januari 2003 iliwataka wenye mabwawa binafsi yaliyochimbwa ardhini waweke uzio, kengele ya tahadhari, mfuniko au paa. Mabwawa mapya yalibanwa kuanzia Januari 2004, na nyumba za kupangisha kwa msimu zikafuata Mei mwaka huohuo. Mabwawa mengine ya zamani yalipewa hadi 2006. Waliona kwamba mtoto wa mgeni, asiyeijua nyumba, hawezi kusubiri kama wa mwenye nyumba. Kenya inaweza kuazima mpangilio huo. TRA tayari ina mamlaka ya kukagua, kaunti tayari inatoa leseni za biashara na kupitisha ramani za majengo. Ukurasa mmoja zaidi katika fomu ya ukaguzi, wenye maswali kuhusu bwawa, kisima, roshani, neti na stoo, unatosha kuanza, na uanze na nyumba zenye mabwawa ili mwenye vyumba viwili vya makuti asibebeshwe mzigo wa mwenye jumba.

Tangazo nalo liandikwe upya. Badala ya maneno matatu, mgeni wa Majoreni asome hivi: "Bwawa lina kina cha mita 1.6 na limezungushiwa uzio, lango hujifunga. Ngazi za kwenda ghorofani hazina kizuizi cha mtoto. Maji ya bamvua hufika ukingo wa baraza. Mtunza nyumba atakuonyesha saa za maji. Vitanda vyote vina neti, kitanda cha mtoto pia. Hospitali iko Msambweni, na namba ya dereva iko mlangoni." Mzazi akisoma hayo ataamua mwenyewe. Wa mtoto mchanga asiyetambaa anaweza kuja kwa amani. Wa pacha wa miaka miwili wanaopanda kila kitu anaweza kutafuta nyumba ya chini isiyo na ngazi, na hatamlaumu mtu.

Kwa wale ambao bado wanapima misingi kati ya Shimoni na Vanga, kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu kalamu ni rahisi kuliko nyundo. Bwawa lichorwe upande ambao mlango wa sebule haufungukii. Njia ya zamani ya ufuoni ibaki nje ya uzio, si ndani yake. Lango la bwawa lifungukie nje, lijirudie lenyewe likiachiliwa, na komeo lake lifungwe kwenye kimo cha mita 1.5, juu ya mkono wa mtoto wa miaka minne aliyesimama kwa vidole.